Kwaresima ya watu wa kazi: mfungo tunao, sala tunaiweka wapi?

Fundi wa Kibarazani:

Tumsifu Yesu Kristo.

Wakuu, kila mwaka ikiingia Kwaresima mazungumzo ni yale yale. Nani kaacha bia, nani kaacha kitimoto, nani anakaa na njaa mpaka jioni. Ni mambo mema na sipingi hata moja. Ila nikitazama hapa kwetu Moshi, mfungo tunaujua na kutoa tunakujua. Sala ndiyo inayopotea. Mtu anamaliza siku 40 amepungua kilo, hajakaa na Mungu dakika tano akiwa ametulia. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimeleta uzi huu.

Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi barazani katikati ya mji. Kwa watu wa kazi yangu Kwaresima ndiyo msimu wenyewe. Sare za WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), sare za kwaya, magauni meupe ya Komunyo ya Kwanza, kitenge kimoja kinachotakiwa kivishe baba, mama na watoto wote, na kila mmoja anataka avae Pasaka. Sasa ukiniambia nitenge saa nzima ya ukimya kila siku, nakuelewa, lakini saa hiyo sina. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni hana. Kijana wa bodaboda hana. Dada anayelea watoto wa watu kuanzia alfajiri hana kabisa. Naandika kwa ajili ya hao, maana sala ya Kwaresima ni yao pia, wala haiwasubiri mpaka wapate nafasi.

Anzeni na Injili ya Jumatano ya Majivu, Matayo sura ya 6. Bwana anataja mambo matatu kwa mfuatano: mtoapo sadaka, msalipo, mfungapo. Sisi tunapokea majivu kwenye paji la uso, tunaambiwa tukumbuke kwamba tu mavumbi, tunatoka pale tumeshika lile la tatu peke yake. Mtakatifu Petro Krisologo, aliyekuwa askofu wa Ravenna karne ya 5, alifundisha kwamba sala ndiyo inayobisha hodi, mfungo ndio unaopata, huruma ndiyo inayopokea, na kwamba vitatu hivyo havitenganishwi. Mwenye kimoja tu hana kitu. Ukifunga bila kusali, hodi haijapigwa.

Mtauliza, Bwana amesema ingia chumba chako cha ndani ufunge mlango, na wewe fundi uko barazani, honi za bajaji huku, wauza soksi kule. Jibu alishalitoa Mtakatifu Yohane Krisostomo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki imeliweka namba 2743: inawezekana kusali kwa moyo wote ukiwa sokoni, ukitembea peke yako, ukiwa umekaa dukani kwako, ukinunua au ukiuza, hata ukipika. Mara ya kwanza kusomewa maneno hayo jumuiyani nilifurahi mno. Dukani! Mtakatifu wa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita ametutaja sisi wa kibarazani.

Kwa hiyo mimi sala nimeishikiza kwenye kazi yenyewe. Asubuhi nikifunua cherehani, kabla sijatia mafuta, nafanya ishara ya msalaba na kumtolea Mungu nguo zote za siku hiyo pamoja na watakaozivaa. Uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ukiisha, ile nafasi ya kuchomoa bobini, kuijaza na kuirudisha, nasema taratibu: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Ukishona sare za kwaya bobini inaisha mara nyingi sana kwa siku. Mwanzoni unaisema kwa mdomo. Baada ya wiki kadhaa unajikuta unaisema hata bobini ikiwa imejaa, mguu uko kwenye pedali, macho yako kwenye mshono. Hapo ndipo nilipoamini kwamba maneno ya Mtume Paulo, salini bila kukoma, yanatekelezeka hata kwa mtu wa kawaida.

Saa 6 mchana nasimama, nasali Malaika wa Bwana. Ni sala fupi, hata chai ikimiminwa haijapoa. Mteja akinikuta katikati namwashiria asubiri, na wapo wanaoitikia pale pale.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu, somo la Misa ni Isaya 58. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, mbona huoni? Naye anawajibu kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga wanatafuta mambo yao na kuwalemea wanaowafanyia kazi. Someni sura yote mkiwa nyumbani, polepole. Mimi nina kijana anayejifunza kazi kwangu, kwa hiyo somo hilo nalisoma nikiwa na sura yake mbele yangu. Amekula? Nimemwelekeza au nimemfokea? Ile nguo aliyoshona yeye nikalipwa mimi, amepata haki yake? Mwenye dada wa kazi nyumbani ajiulize vivyo hivyo. Haiwezekani bosi afunge, halafu dada ndiye anaamka saa 10 usiku kumpikia uji wa kumshikiza.

Na tusemane ukweli sisi mafundi: ule msemo wa "njoo kesho" unajulikana Tanzania nzima. Kwaresima, kazi zikibanana, kishawishi cha kupokea kitambaa huku unajua hutakimaliza ni kikubwa kuliko kishawishi cha nyama. Tarehe ninayomwandikia mteja kwenye daftari ni tarehe niliyoiombea kwanza. Nikiona haiwezekani namwelekeza kwa fundi mwingine. Pesa inaondoka, ndiyo, na huo nao ni mfungo.

Kwa wanaoweza, Ijumaa jioni msikose Njia ya Msalaba, ile sala ya vituo 14 vya mateso ya Bwana. Kituo cha 5 nakipenda kuliko vyote. Injili ya Marko inasema Simoni wa Kirene alikuwa anapita, anatoka shamba. Hakuwa mtu wa maandamano. Alikuwa na shughuli zake, akashurutishwa kubeba msalaba wa mtu asiyemjua. Sisi watu wa kazi tunaingia pale pale alipoingia yeye. Mgonjwa wa jirani anayetaka kupelekwa hospitali usiku, mtoto wa shule ambaye sketi imechanika asubuhi na hana hela, mama mkwe anayetaka kusikilizwa habari ile ile aliyoisema jana. Hao hawaji kwa ratiba.

Karibuni tuambizane mnavyofanya ninyi.


MamaKiboriloni:

Milele amina. Fundi, umenigusa. Mimi nauza mitumba Kiboriloni, siku za soko natoka nyumbani giza bado. Nilikuwa najiona Kwaresima yangu ni bure kwa sababu Misa ya alfajiri siiwahi. Sasa rozari naisali njiani kwenye daladala, Jumanne na Ijumaa matendo ya uchungu. Natumia vidole, rozari sitoi, maana sitaki watu wanione. Nikifika tendo la nne, Yesu anachukua msalaba, mara nyingi ndipo tunashuka na mimi najitwisha bale langu kichwani. Siku nyingine machozi yananitoka hapo hapo.

Swali langu ni la chakula. Jirani yangu anasema samaki anaruhusiwa, basi Ijumaa kwake ni perege mkubwa wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wa kukaanga, na familia inasherehekea kabisa. Hii ni sawa?


Fundi wa Kibarazani:

Mama, kwa sheria hajavunja kitu. Sheria ya Kanisa (Kanuni 1251 na 1252) inazungumzia kujinyima nyama kwa aliyetimiza miaka 14, na kufunga kwa mtu mzima kuanzia miaka 18 mpaka anapoingia mwaka wa 60. Siku za lazima za kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Papa Paulo VI mwaka 1966 alieleza mfungo huo kuwa mlo mmoja kamili, na kitu kidogo asubuhi na jioni hakikatazwi. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha wasijitese.

Hiyo ni sakafu tu, na nyumba haiishii kwenye sakafu. Kama perege ni sikukuu kwenu, basi Ijumaa pikeni ngararimo, kile chakula chetu cha Kichagga cha ndizi, au maharage, na tofauti ya pesa ile impelekee mtu. Mfungo unaoishia mfukoni mwa mfungaji haujafika kwa Lazaro, yule maskini wa Injili aliyelala mlangoni kwa tajiri. Naona watu wengi hapa wanaacha supu ya asubuhi. Pesa ya supu ya wiki sita ukiiweka kwenye kopo inanunua madaftari na viatu vya mtoto mmoja wa shule.

Na hilo la kusalia vidoleni kwenye daladala, mama, ndicho chumba cha ndani chenyewe.


Mkweli Daima:

Kwaresima haiko kwenye Biblia. Nyama si dhambi. Mnajitwisha mapokeo ya wanadamu.


Fundi wa Kibarazani:

Karibu ndugu. Hakuna Mkatoliki anayefundishwa kwamba nyama ni dhambi. Ingekuwa dhambi tungeiacha mwaka mzima na isingekuwa sadaka. Tunaacha kitu kizuri kwa muda ili tujue kama kinatutawala. Siku 40 ziko kwenye Biblia: Musa juu ya Sinai, Eliya akienda Horebu, na Bwana mwenyewe jangwani. Wakristo wamezishika zamani sana, kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, inazitaja kama jambo ambalo kila mtu analijua. Kama una namna nyingine ya kujiandaa kwa Pasaka, tuambie tujifunze.


Mmarangu:

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, na Kwaresima tunayo pia, kwa hiyo mkuu hapo juu asiwasemee Waprotestanti wote. Mke wangu ni Mkatoliki. Jioni tunasoma Injili ya siku pamoja, mmoja anasoma, mwingine anasali kwa maneno yake, watoto wanasikia. Tulianza Kwaresima, na mwaka uliofuata watoto wenyewe walitukumbusha.


Jirani wa Majengo:

Assalam alaykum. Naomba niingie kidogo, mimi ni Muislamu. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, siku hizo hizo sisi tunaingia Ramadhani. Kibarazani kwetu tulikuwa tunafunga karibu wote, kila mtu kwa imani yake, na ugomvi ulipungua kweli kweli. Kitu kimoja ningewaambia ndugu zangu Wakristo: kwetu adhana ikilia, kazi inasimama. Sala ndiyo inaikata kazi. Ukisubiri kazi ikupe ruhusa haitakupa. Naona fundi kwa ile sala yake ya saa 6 ameliona hilo.


Fundi wa Kibarazani:

Waalaykum salaam jirani, na asante kwa neno zito. Mababu zetu Wakatoliki huku mlimani walikuwa na kengele. Misheni ya Kilema ilianza mwaka 1891, Kibosho mwaka 1893, na wazee wanasimulia kwamba kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, mtu aliyeko kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, anaacha jembe na kusimama. Nyingi bado zinalia. Sisi ndio tumeacha kusimama. Wa mjini weka simu yako ilie saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni.


Nesi wa Zamu:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni nesi, zamu za usiku zinanipiga sana Kwaresima. Njia ya Msalaba nimezikosa nyingi, na mfungo wa kukaa na njaa usiku wa manane huku unahesabu dozi za watu ni hatari, nimeshauacha kwa ushauri wa padre wangu. Aliniambia nichague mfungo usiomgusa mgonjwa. Nikachagua simu. Zamu ikitulia siifungui, nakaa na mgonjwa ambaye hana ndugu.

Kwenye sala nina kitu kimoja. Sisi tunanawa mikono kabla na baada ya kila mgonjwa. Kila ninaponawa nasema mstari wa Zaburi ya 51: "Unioshe kabisa na uovu wangu, unitakase dhambi zangu." Mikono inaoshwa, na moyo unaoshwa humo humo. Halafu ninapokwenda kitandani kwa mtu anayefuata, hata kama usiku huo ameshanitukana, naenda nikiwa nimetulia. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo, ila wagonjwa wanaona.


Fundi wa Kibarazani:

Dada yangu, umeeleza vizuri kuliko mimi. Nakazia hilo la mfungo usiomgusa mgonjwa. Wenye magari ya abiria, wanaopanda juu ya nguzo za umeme, wanaochoma vyuma, muulizeni padre kabla hamjajiamulia. Na Kituo cha 6 ni chako kabisa: Veronika alikuwa na kitambaa tu, akampangusa Bwana uso.


Mzee wa Uru:

Vijana, mmesema mengi mazuri. Mimi nina umri wa kusamehewa mfungo, lakini kuna mfungo ambao uzee hausamehewi.

Huku kwetu familia nyingi zinaingia Pasaka na ugomvi wa kihamba. Ndugu wa tumbo moja, wanapokea Komunyo kwenye mstari mmoja, na mwaka wa tatu hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa migomba minne. Wote wanafunga. Bwana alisema ukileta sadaka yako altareni ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka, nenda kwanza ukapatane naye. Kwanza! Hakusema ukipata nafasi.

Wachagga tuna isale, nyote mnaijua, ile tunayoiotesha kwenye mipaka na makaburini. Wazee wetu, hata kabla ya wamisionari, aliyekosa alimpelekea mwenzake jani la isale, na aliyeletewa isale hakuwa na njia ya kukataa kusikiliza. Nimeona kwa macho yangu ndugu wawili wamerudiana hivyo wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Mdogo alitangulia. Alisimama kwenye mlango wa kaka yake, mvua ya masika inanyesha, jani liko mkononi, hakusema neno. Kaka alilitazama lile jani muda mrefu, akalipokea kwa mikono miwili, akamwambia mkewe alete kiti. Mpaka ulipimwa baadaye mbele ya wazee, na haukuwa na shida tena.

Kwa hiyo kwenye sala zenu za bobini na za daladala, mtajeni kwa jina yule mliyenuniana naye. Mtajeni kila siku. Mkimtaja kwa wiki mbili tatu bila kukosa, miguu yenyewe itatafuta njia ya kwenda kwake.


MamaKiboriloni:

Mzee, shikamoo. Hili nalichukua kama lilivyo. Nina dada yangu.


Mzee wa Uru:

Marahaba mwanangu. Usichelewe.


Boda wa Pasua:

Nimesoma uzi wote nikiwa kijiweni. Mimi Mkatoliki wa kubatizwa, kipaimara nilipata, baada ya hapo nikapotea. Kuungama sijaungama tangu niko shule. Nikiona watu wamepiga foleni Wiki Takatifu natamani, halafu naona aibu, hata ile sala ya kutubu nimeisahau. Hivi mtu kama mimi naanzia wapi? Au nianze na mfungo kwanza nijisafishe?


Fundi wa Kibarazani:

Mdogo wangu, usijisafishe kwanza. Anayesafisha ni Yeye. Ukingoja uwe safi ndipo uende, hutakwenda.

Fanya hivi. Leo usiku ukizima pikipiki, kabla hujaingia ndani, kaa juu yake kidogo na umwambie Mungu kwa lugha yako ya kijiweni kile kile ulichotuandikia hapa. Hiyo ni sala, na huenda ndiyo nzuri kuliko zote zilizosaliwa Pasua leo. Kesho ufanye hivyo tena, upitie siku yako: nani nimemzidishia nauli kwa sababu ni mgeni, nani nimemtukana barabarani, wapi nimepokea neema. Baada ya siku chache utakuwa na cha kusema kwa padre bila kutafuta.

Usisubiri Wiki Takatifu, foleni ni ndefu na mapadre wamechoka. Nenda mapema, siku ya katikati ya wiki, au ulizia parokiani saa za kuungamisha. Ukipiga magoti sema: "Padre, nimekaa miaka mingi, sikumbuki namna." Atakuongoza neno kwa neno, na sala ya kutubu utaisema kwa kumfuatisha. Yote anayosikia mle anafungwa nayo mpaka kaburini, hata polisi hawezi kumwambia. Akikupa kitubio, kifanye siku hiyo hiyo.

Kama aibu ya kwenda peke yako ndiyo inayokuzuia, pita kibarazani Jumatano jioni nikifunga kazi. Nami nina zamu yangu ya kuungama, twende wote. Utanipakia, nauli nitalipa.


Boda wa Pasua:

Nauli usilipe fundi. Saa 11 nitakuwa hapo.